Somo la 9: Je, Jehanamu Ipo?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 3:1–5, 22–24; Ayu. 14:13, Yer. 7:30–33, Mal. 4:1–3, Mt. 10:28, Lk. 16:19–31; Yuda 7; Ufu. 20:7–15.

Fungu la Kukariri: Warumi 6:23. Lisome katika Biblia yako mara tatu kwa sauti, kisha uone ni mambo gani mawili ambayo Paulo anayaweka yakabiliane.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mazishi ya kijana wa miaka 26. Alikuwa amelewa, akaanguka na pikipiki usiku, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Mhubiri aliyepewa nafasi kaburini alitaka vijana wenzake waogope. Akawaambia kwamba mwenzao alikuwa anaungua saa ileile, nasi tukiwa tumesimama juu ya udongo mbichi. Vijana waliogopa kweli, kwa siku mbili tatu. Lakini mama wa marehemu hakuweza tena kuingia jikoni. Kila alipoona kuni zikishika moto, alimwona mwanawe. Majirani wakawa wanampikia.

Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu yuko wapi usiku huu?" Nikafungua Biblia, nikaanza kumsomea mafungu moja baada ya jingine, kama tufanyavyo darasani. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mafungu nitayasikia baadaye. Mimi nimeuliza yuko wapi."

Wengi wetu Waadventista tukiulizwa kama jehanamu ipo, tunakimbilia kusema, "Haipo." Kisha mtu anatufungulia Mathayo 10:28 nasi tunaanza kubabaika. Jibu hilo la haraka si la Biblia. Aliyeitaja jehanamu kuliko mtu mwingine yeyote katika Agano Jipya ni Yesu mwenyewe. Jehanamu ipo katika mafundisho yake, nayo ni ya kutisha. Tunalopaswa kuuliza juma hili ni kwamba moto huo unawaka lini, unamfanyia nini mwenye dhambi, na unaishia wapi.

JUMAPILI: Kuzimu si Jehanamu

Soma Mwanzo 37:35, Ayubu 14:13 na Yona 2:2. Watu hawa watatu wanazungumza habari za kuzimu. Je, kuna moto wowote katika maneno yao?

Neno la Kiebrania lililo nyuma ya "kuzimu" ni Sheoli. Linaonekana mara 65 katika Agano la Kale, na maana yake ni mahali pa wafu wote, wema kwa wabaya, yaani kaburi. Yakobo alipoletewa kanzu yenye damu aliamini kwamba Yusufu ameraruliwa na mnyama, akasema atamshukia mwanawe kuzimu kwa huzuni. Sasa fikiri. Yusufu alikuwa mtoto mwadilifu, kipenzi cha baba yake. Ingewezekanaje Yakobo adhani kwamba mwana huyo yumo motoni, tena yeye mwenyewe atamani kumfuata? Ayubu naye, ambaye Mungu mwenyewe alimshuhudia kuwa mtu mkamilifu, aliomba afichwe kuzimu mpaka ghadhabu ipite. Hakuna mtu mwenye maumivu ya majipu mwili mzima anayeomba kuongezewa moto. Aliomba apumzike. Yona yeye alilia kutoka tumbo la kuzimu akiwa ndani ya samaki, amezungukwa na maji na magugu ya baharini.

Kiswahili chetu kimeongeza ugumu kidogo hapa. Neno "kuzimu" lina undugu na "mzimu", na babu zetu waliolitumia kabla Biblia haijatafsiriwa walikuwa na picha ya wafu wanaoendelea kuishi chini ya ardhi, wenye njaa na hasira, wanaohitaji kutulizwa. Watafsiri walitumia neno lililokuwapo, wala siwalaumu. Ila msomaji anapokutana nalo asiruhusu mzimu uingie mlangoni pamoja na neno. Mhubiri 9:5, 10 inafafanua hali ya walioko huko: hawajui lolote, hawana kazi, hawana shauri.

Liko neno jingine ambalo hutokea mara moja tu, katika 2 Petro 2:4. Kwa Kiyunani linatokana na Tartaro, nalo linawahusu malaika walioasi, wanaongojea hukumu. Halihusu mwanadamu yeyote.

Ukisikia mtu akisema, "Biblia inasema waovu wako motoni," swali lako la kwanza liwe: ni neno gani limetumika katika fungu hilo?

JUMATATU: Bonde Lililo Nje ya Mji

Soma 2 Nyakati 28:3, 33:6, 2 Wafalme 23:10, na Yeremia 7:30–33.

Jehanamu ni neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na majirani zetu Waislamu wanalitumia vilevile. Asili yake ni Kiebrania, Ge-Hinomu, yaani Bonde la Hinomu. Wayunani wakaliita Gehena. Ni bonde halisi, upande wa kusini wa Yerusalemu, na wasafiri wanaokwenda mji ule hulipita kwa miguu hata leo.

Hapo ndipo mfalme Ahazi alipowateketeza wanawe kwa moto, na Manase mjukuu wake akafanya vivyo hivyo. Yosia alipoleta matengenezo alipatia unajisi mahali pale ili mtu asimpitishe tena mtoto wake motoni kwa Moleki. Soma tena Yeremia 7:31 polepole. Mungu anasema jambo la kuwateketeza watoto hakuliagiza, wala halikuingia moyoni mwake. Yapo mafundisho yanayomfanya Mungu kuwa mwenye kufanya daima, tena kwa mabilioni ya watu, jambo ambalo alisema halijawahi hata kuingia moyoni mwake.

Kisha Yeremia anatabiri kwamba bonde lile litaitwa Bonde la Machinjo, na mizoga italala humo iwe chakula cha ndege na wanyama. Angalia: ni mizoga, si watu walio hai. Isaya 66:24, fungu ambalo Yesu anaturudishia katika Marko 9:48 anapotaja funza na moto, nalo linazungumzia mizoga. Funza hali kitu kinachoishi milele.

Neno Gehena limo mara 12 katika Agano Jipya. Mara 11 limetoka kinywani mwa Yesu, na moja liko katika Yakobo 3:6. Wasikilizaji wake walilijua bonde na walijua historia yake. Hapa niseme jambo dogo kwa walimu wa madarasa. Tumezoea kueleza kwamba Hinomu lilikuwa jalala la Yerusalemu, lenye moto usiokoma siku zote za Yesu. Ushahidi unaotajwa kwa habari hiyo ni maandishi ya rabi David Kimhi, aliyeishi karibu na mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Kristo. Tusiujenge ukuta wetu juu ya jalala hilo. Yeremia anatosha.

Soma Mathayo 10:28. Yesu anasema Mungu aweza kufanya nini katika jehanamu, na kumfanyia nani? Je, anasema Mungu atautesa mwili na roho, au atauangamiza?

JUMANNE: Moto Usiozimika

Soma Yuda 7, 2 Petro 2:6, Yeremia 17:27 na Malaki 4:1–3.

Kule kwetu mwisho wa kiangazi, nyumba ya nyasi ikishika moto, watu hupiga yowe, hukimbia na ndoo, kisha husimama mbali wakitazama. Mtu akiuliza kwa nini hawamwagi maji, anajibiwa: "Moto huo hauzimiki." Hakuna anayeelewa kwamba nyumba itawaka hadi mwakani. Maana yake ni kwamba hakuna wa kuuzuia mpaka umalize kazi yake. Jioni unakuta majivu.

Yeremia alionya kwamba malango ya Yerusalemu yatawashwa moto usiozimika. Wababeli walikuja wakautia mji moto (2 Nya. 36:19), na hakuna aliyeuzima. Lakini leo malango hayo hayawaki. Yuda anasema Sodoma na Gomora ziliadhibiwa kwa moto wa milele, tena anasema zimewekwa kuwa mfano. Mfano wa nini? Petro anajibu: miji ile iligeuzwa kuwa majivu, iwe ishara kwa watakaoishi bila kumcha Mungu baadaye. Ibrahimu alipoamka asubuhi na kutazama (Mwa. 19:28) aliona moshi ukipanda. Kazi ilikuwa imekwisha.

Malaki anatumia lugha ya mkulima. Waovu watakuwa makapi, siku ile itawateketeza, haitawaachia shina wala tawi, nao watakuwa majivu chini ya nyayo za wenye haki. Nani amewahi kuchoma mabua shambani, akarudi kesho yake akayakuta bado yamesimama yanawaka?

Wengine watauliza kuhusu Mathayo 25:46, ambapo neno moja, "milele", limetumika kwa adhabu na kwa uzima. Ni swali zuri, wala tusilikwepe. Adhabu ile ni ya milele kweli. Lakini linganisha na Waebrania 9:12, panapotajwa ukombozi wa milele. Je, Kristo yuko msalabani mpaka leo akiendelea kukomboa? Hapana. Alikomboa mara moja, na matokeo yake hayana mwisho. Ndivyo ilivyo hukumu ya milele (Ebr. 6:2), na ndivyo yalivyo maangamizi ya milele katika 2 Wathesalonike 1:9. Mtu anaangamizwa, na hakuna ufufuo mwingine wa kumrudisha. Tena Biblia hulitumia neno hilo kwa kadiri ya jambo linalosemwa: Yona alisema mapingo ya nchi yalimfunga milele, na ilikuwa siku tatu.

JUMATANO: Tajiri na Lazaro, na Lile Ziwa

Soma Luka 16:14–31.

Hili ndilo fungu tunalowekewa mezani kila mara. Kwanza tazama wanaoambiwa. Aya ya 14 inawataja: Mafarisayo, wapenda fedha, waliokuwa wakimdhihaki. Yesu alikuwa ametoka kusimulia kondoo aliyepotea, shilingi, mwana mpotevu na wakili dhalimu. Hadithi hii inafuata katika mstari uleule, na ukiichukua neno kwa neno utakwama mapema. Waliookoka wote wataenea kifuani pa Ibrahimu? Walioko motoni na walioko rahani watakuwa wakipigiana kelele na kujibizana? Mtu aliye katikati ya ndimi za moto ataridhika na tone la maji kwenye ncha ya kidole? Zaidi ya hayo, tajiri ana macho na ulimi, na Lazaro ana kidole. Basi hata wale wanaofundisha kwamba roho huondoka bila mwili hawawezi kuichukua kama ilivyo.

Yesu alichukua picha ambayo watu wake waliijua, akaigeuzia wenye kiburi. Ncha ya mkuki iko katika aya ya 31: asiyewasikia Musa na manabii hatashawishika hata mtu akifufuka. Baadaye Lazaro mwingine, wa Bethania, alifufuka kweli. Wakuu wa makuhani wakafanya shauri wamwue (Yn. 12:10).

Soma sasa Ufunuo 20:7–15. Nakiri kwamba aya ya 10, inayotaja mateso ya milele na milele, ndiyo ngumu kuliko zote. Tuisome mahali ilipo. Aya moja kabla yake, moto unashuka kutoka mbinguni na kuwala waovu. Aya nne baadaye, mauti na kuzimu vinatupwa katika ziwa lilelile. Mauti haina ngozi ya kuungua. Kutupwa humo ni kukomeshwa. Na Yohana hakutuachia kazi ya kubuni maana ya ziwa, ameiandika mwenyewe: ni mauti ya pili. Moshi wa Ufunuo 14:11 pia una asili yake katika Isaya 34:9, 10, kuhusu Edomu, nchi ambayo moshi wake ungepanda milele. Lakini endelea kusoma aya ya 11 hadi ya 15 na utakuta bundi, kunguru na mbweha wamejenga humo. Hata kwa yule aliye chanzo cha uasi, Ezekieli 28:18, 19, maneno aliyoambiwa mfalme wa Tiro na ambayo tumeyaona yakimlenga pia aliye nyuma yake, yanaishia kwenye majivu na kutokuwapo tena.

ALHAMISI: Hakimu wa Dunia Yote

Ibrahimu aliwahi kumwuliza Mungu kama Hakimu wa ulimwengu wote hatatenda haki (Mwa. 18:25). Mungu hakukasirika kuulizwa. Basi nasi tutumie akili aliyotupa.

Ikiwa waovu huingia motoni siku wanayokufa, Kaini ameungua maelfu ya miaka kwa kumwua mtu mmoja, na mwuaji wa maelfu atakayekufa siku ya mwisho ataanza leo tu. Tena ameanza kuadhibiwa kabla ya kesi. Petro anasema waasi wanawekwa hata siku ya hukumu (2 Pet. 2:9), na Yesu anasema walio makaburini ndio watakaosikia sauti yake na kutoka (Yn. 5:28, 29). Mtu atanijibu kwamba hata duniani mahabusu wapo. Ni kweli, lakini mahabusu hatumikii hukumu ambayo haijasomwa.

Halafu soma Luka 12:47, 48. Mtumwa mmoja atapigwa sana, mwingine kidogo. Mapigo machache ni mapigo yanayohesabika, na kinachohesabika kina mwisho. Haki ya Mungu ina kipimo.

Hoja inayonigusa kuliko zote ni ya msalaba. Mshahara wa dhambi ukiwa ni kuteswa bila kikomo, basi Yesu hakuulipa, maana haungui mahali popote leo. Alikufa. Alilia kwa kuachwa na Baba, akakata roho, akalazwa kaburini. Kama hiyo ndiyo fidia kamili, basi deni lilikuwa mauti. Na yule aliyesema mauti hayatakuwapo alisema hivyo bustanini, kwa kinywa cha nyoka (Mwa. 3:4). Mungu aliufunga mti wa uzima ili mwenye dhambi asiishi milele (Mwa. 3:22–24), fundisho la mateso yasiyokoma linamfungulia lango, kisha linamwishisha milele motoni.

Sasa upande wa pili, maana darasani nimesikia vijana wakisema, "Kumbe ni kuungua kidogo na kuisha? Basi acha tule maisha." Kijana wangu, aliyehukumiwa kifo hafurahi kwamba kamba hufanya kazi upesi. Soma Luka 13:28. Kilio na kusaga meno vinatokea pale mtu anapowaona Ibrahimu, Isaka na Yakobo ndani, na yeye nje, huku akijua kwamba nafasi yake ilikuwapo. Atasimama, ataona, atajibu, kisha hatakuwapo tena. Tukilifanya jambo hili kuwa jepesi, tumeikosea Injili sawasawa na yule mhubiri wa kaburini.

Juma lililofuata nilirudi kwa yule mama, safari hii Biblia ikiwa mfukoni. Nikamwambia, "Amelala, Mama. Hasikii joto wala baridi. Hakuna anayemgusa."

"Na siku ile?"

"Siku ile atasimama mbele ya Hakimu anayemjua kuliko wewe uliyemzaa, na ambaye hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Zaidi ya hapo hajaambiwa mtu, si mimi wala yule aliyehubiri."

Alinyamaza muda mrefu. Ndipo akasema, "Sasa nisomee." Tukasoma Ezekieli 33:11 na Yohana 5. Nilipopita tena mwezi uliofuata nilimkuta ameinama mafigani, akipuliza moto, sufuria ya uji ikiwa juu. Akanimiminia kikombe.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Fundisho hili halikuanza na sisi. Mwaka 1837 George Storrs, mhubiri wa Kimethodisti huko Marekani, alisoma kijitabu cha Henry Grew kuhusu mwisho wa waovu. Alichunguza Maandiko kwa miaka kadhaa, akaacha utumishi wa dhehebu lake, na mwaka 1842 akachapisha hotuba sita juu ya jambo hilo. Januari 1844 Charles Fitch, mmoja wa wahubiri wakuu wa ujio wa pili, alimwandikia kwamba anasimama naye. William Miller mwenyewe hakukubaliana nao. Wakati huo Ellen Harmon, ambaye baadaye alikuwa Ellen White, alikuwa msichana wa Portland, Maine, aliyekosa usingizi kwa kuhofu moto ule aliousikia mimbarani. Aliyelipokea fundisho kwanza nyumbani kwao alikuwa mama yake. Ellen aliposikia mazungumzo yake alishtuka, akauliza maswali, na ilimchukua miezi kadhaa ya kusoma kabla hajaridhika. Soma alivyoandika baadaye juu ya udanganyifu wa kwanza na mwisho wa pambano katika kitabu cha Pambano Kuu. Imani yetu ya Msingi namba 26 na 27 zisomwe pia darasani.

Maswali ya Kujadili:

1. Umealikwa kusema neno kwenye mazishi ya mtu aliyeishi vibaya. Familia imekaa mbele, vijana wenzake wamesimama nyuma. Utasema nini ambacho ni kweli kwa wote wawili?

2. Mmoja wa darasa asome Mathayo 25:46 na mwingine asome Yuda 7. Je, fungu la pili linalifafanua la kwanza? Mwenye maoni tofauti apewe nafasi ya kutosha.

3. Mtu anayemtumikia Mungu kwa kuogopa moto na mtu anayemtumikia kwa kumpenda wanaweza kuketi benchi moja kwa miaka ishirini. Wewe mwenyewe uliingia kanisani kwa lipi?

4. Katika eneo la kanisa lenu, ni nani aliyefiwa mwaka huu na bado hajaelezwa kwa upole hali ya mpendwa wake? Nani kati yenu atakwenda, na lini?